Kunde Kiziwi

Watu wa kituo walipenda kula kwa Bi Batuli kuliko walivyoipenda kazi iliyowaleta pale. Hilo na lisemwe mapema, kwa sababu siku lilipohitajika kusemwa hakuna aliyelisema.

Kituo hicho cha utafiti kiko nje kidogo ya Matsangoni: maabara moja, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari, na nyuma yake bustani za majaribio. Katika nyumba ya mwisho, iliyopakana na bustani, alikaa Hadiya Abdulhalim, mtafiti wa mimea, pamoja na mama yake mzazi. Alimtoa Malindi mjini baada ya baba kufariki, hakutaka abaki peke yake akizungumza na paka. Bi Batuli asili yake ni Faza, na kwao nyumba isiyopeleka sahani kwa jirani huulizwa kama wenyewe wazima. Alipofika kituoni hakuuliza nani Mwislamu nani Mkristo, nani wa pwani nani wa bara. Aliuliza ni nyumba ngapi.

Kazi ya Hadiya haikuwa rahisi kueleza, na mama yake hakuwa mtu wa kutishwa na maneno makubwa. Siku moja Hadiya alimkalisha barazani, akashika mche wa kunde mkononi.

"Mama, mmea huu wajua kila kinachoupata. Chumvi ikiingia udongoni wajua. Mdudu akitafuna jani wajua."

"Wajuaje, nao hauna masikio?"

"Una vipokezi. Kila seli imezungukwa na utando, na kwenye utando kuna protini zilizopenya, nusu nje, nusu ndani. Nusu ya nje yangoja habari. Yaweza kuwa homoni yenye kuuambia mmea ukue, au ukuta wa seli uliolegea, au jani lililojeruhiwa. Habari ikifika, nusu ya ndani yaamka. Hiyo ya ndani ndiyo twaiita kinasi. Yachukua fosfati, yaibandika kwenye protini iliyo karibu, nayo yaamka, yaibandikia nyingine, mpaka habari ifike ndani kwenye kiini. Huko jeni zaambiwa mmea urefuke, au usimame kwanza."

Bi Batuli akafikiri kidogo. "Kama habari ya msiba pale Malindi. Huambiwa mmoja sokoni, na adhuhuri haijafika mji mzima umeshajua."

"Ndivyo hasa."

"Na kama yule wa kwanza ni bubu?"

Hadiya akacheka, kwa sababu huyo bubu ndiye aliyekuwa akimchunguza. Kwenye mbegu za kunde zilizokusanywa Marereni, kule mashamba yanakopakana na mabwawa ya chumvi, ulitokea mche mmoja wenye kasoro ya kuzaliwa nayo. Kipokezi chake kimoja, kile kinachoupasha mmea habari kwamba chumvi imeanza kulegeza kuta za seli, kilikuwa kizima upande wa nje na kimekufa upande wa ndani. Habari ilipokewa mlangoni, ikaishia hapo hapo. Mbegu za mche huo zikapandwa zikazaa nyingine, na kituoni wakaziita kunde kiziwi.

Kunde za kawaida zikiguswa na chumvi husimama. Mizizi huacha kurefuka, seli hukarabati kuta zake, ndipo ukuaji uendelee. Kunde kiziwi, kwa dhana ya Hadiya, zingeendelea kurefuka bila habari, hadi seli zipasuke. Alimweleza hivyo mkuu wa kituo, Daktari Peterson Thuku, naye akasema sawa, jaribu, lakini usimalize bajeti.

Hadiya akapanda safu za aina zote mbili, akazimwagilia maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Safu za kiziwi alizifunga utepe mwekundu kwenye vijiti. Kisha akamwita mama yake, maana alimjua.

"Mama, hizi za utepe mwekundu ndizo zangu. Usiguse hata jani. Hizi ndizo maisha yangu."

"Hasha! Nani atakayeyapika maisha yako?" Bi Batuli akasema, na wote wawili wakacheka.

Ramadhani ilipoingia Hadiya alikuwa Nairobi, kwenye maabara yenye mashine ambazo kituo hakikuwa nazo, akakaa huko karibu mwezi mzima. Nyuma yake Bi Batuli alifuturisha kituo kizima. Alipeleka tambi, viazi vya nazi, mkate wa sinia, na mboga ya kunde iliyokolea tui, ambayo Trizah, mkewe Daktari Thuku na mhasibu wa kituo, aliapa kwamba hajapata kula mboga kama ile tangu azaliwe. Nahashon, fundi wa maabara, alianza kurudi nyumbani mapema. Ngumbao, mlinzi wa bustani, hakusifu wala hakukosoa. Alikula akaomba pilipili. Na sahani hazikurudi tupu, kama inavyopasa. Zilirudi na papai, na sukari, na mara moja githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kutoka kwa Trizah, ambayo Bi Batuli aliipokea kwa shukrani nyingi, kisha akaitia tui akaipika upya.

Hadiya aliporudi kuvuna, macho yalimtoka. Kunde kiziwi zilikuwa ndefu na nzito kuliko za kawaida. Zile za kawaida, zilizotazamiwa kustahimili, zilikuwa fupi, na tena zimechipua vijitawi vya pembeni chungu nzima kama kichaka. Hadiya aliviona vijitawi hivyo. Aliviona vizuri, akavipiga picha, kisha akaketi mezani akavitungia maelezo: kwamba kwa mmea unaosikia, chumvi huzima kilele, na kilele kikizimika vichipukizi vya pembeni huamka. Yalikuwa maelezo mazuri kweli kweli, yenye michoro na mishale. Jarida moja la ng'ambo likayachapisha, jina la Daktari Thuku likitangulia.

Basi mambo yakawa mambo. Wageni wakaja na kamera. Daktari Thuku akawaambia kwamba siri ya kuishinda chumvi ni kutoisikia, na kila mgeni akaandika maneno hayo kana kwamba yameshuka kutoka mbinguni. Hadiya akafanywa kiongozi wa mradi. Bustani yote ikapandwa kunde kiziwi, ili mbegu ziongezwe na kugawiwa wakulima wa Marereni na Adu mvua ya masika ikianza.

Mkulima mmoja, mzee Kombe, hakungoja kugawiwa. Alitoka Marereni asubuhi akaja kuziona mwenyewe. Maji ya chumvi yalikuwa yakipenya shambani kwake kila mwaka, yakimlia ardhi kidogo kidogo, na mtu wa kumlalamikia alikuwa hamjui.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndizo hizi?"

"Ndizo."

Kombe alishika jani, akaligeuza, akaliachia. "Haya. Mimi mbegu zangu za zamani nimezila. Mke wangu alikataa, nikamwambia za nini, mtoto wa Abdulhalim atuletea nyingine. Nangoja zako."

Hadiya alifurahi. Alimsindikiza mpaka barabarani, na njia nzima akajisikia mtu mwenye maana.

Rajabu ilikuwa ikielekea kwisha Bi Batuli alipotoka jikoni na kikapu, akasimama ukingoni mwa bustani akiwa amekunja uso.

"Hadiya, mbona mwaka huu zote ni za utepe mwekundu? Ramadhani hiyo yaja, nami nitachuma wapi?"

"Kuchuma nini, mama?"

"Mboga. Mwaka jana nalichuma zile zisizo utepe. Vilele vyake vilikuwa laini, wallahi, na kila nikichuma zazidi kuchipua. Zako sikuzigusa. Muulize Ngumbao, yeye ndiye aliyekuwa akinishikia kikapu."

Hadiya hakuhitaji kumuuliza Ngumbao. Vile vijitawi vya pembeni vilikuwa mbele ya macho yake, na picha zake alikuwa amewaonyesha watu wa nchi kadhaa. Kila mwanamke wa pwani hii ajua kwamba kunde ukizichuma vilele hutoa matawi, na Hadiya naye alilijua tangu akiwa mtoto, kabla hajalijua neno kinasi. Hakulikumbuka kwa sababu lisingechapishwa na mtu.

Na si hilo tu. Kila kilele kilipokatwa, jeraha lilimwaga vipande vya protini, vipande hivyo vikashikwa na vipokezi vingine, na kinasi za ndani zikaanza kubandika fosfati na kupitisha habari: tumeshambuliwa, acheni kukua, jilindeni. Mwezi mzima mimea ile ilikuwa ikisikia barabara. Ilisikia vidole vya Bi Batuli, na Hadiya akaandika kwamba imesikia chumvi.

"Kwani nimekosea?"

"La, mama. Kichwa chaniuma."

Akaenda kupanda upya, kimya kimya, kwenye ndoo nyuma ya stoo alipoweka kufuli yake mwenyewe. Safari hii alitia chumvi kama ya shamba la Kombe. Kunde za kawaida zikasimama, zikapauka, watu wangedhani zimekufa. Kisha zikaanza tena kukua polepole. Kunde kiziwi zikaendelea kurefuka kwa furaha isiyo na akili. Alipoutia mzizi wake chini ya darubini aliona seli zimepasuka, moja baada ya moja, kama mbaazi zilizosahauliwa motoni. Baada ya siku chache ndoo zote za kiziwi zilikuwa zimelala chini. Dhana yake ya kwanza, ile aliyoiacha, ndiyo iliyokuwa kweli. Kwa muda mfupi Hadiya alifurahi kwamba alikuwa sahihi, halafu akamkumbuka Kombe na mbegu alizozila, akajionea haya.

Alimpata Daktari Thuku ofisini. Thuku hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mradi ule ndio uliokuwa unalipa umeme wa kituo. Alimsikiliza hadi mwisho, akashika kichwa.

"Hiyo mboga mimi pia nilikula," akasema. "Trizah alikuwa ananiwekea mpaka ya kubeba kazini."

"Mbegu zisitolewe, Daktari."

"Hazitatolewa. Mimi si muuaji. Tutaita mkutano, wakulima waje, tuwaambie, na tuandikie jarida. Lakini Hadiya, watu watauliza ni nani alichuma. Hapo utasema nini?"

"Kwani lazima mtu atajwe?"

"Lazima. Bila jina itakuwa uzembe wa kituo, na tukifungiwa mradi, wote tunaenda nyumbani. Tunaweza kusema ni mlinzi hakulinda. Ngumbao ni kibarua tu, atatafuta kazi ingine."

"Ngumbao ana watoto wadogo."

"Basi sema ni nani."

Hadiya aliondoka na swali hilo, akatembea nalo siku kadhaa. Alifikiri kusema ni mbuzi, lakini mbuzi hali kilele akaacha jani. Alifikiri kusema ni tumbili. Alifikiri tena juu ya Ngumbao, akaona hapana, dhuluma hiyo hataibeba. Zaidi ya hayo alikuwa mwanasayansi, na sababu ya kosa ni sehemu ya kosa; ikifichwa, mwingine atalirudia. Alipofikia uamuzi alijisikia msafi. Hata chakula kilimpita vizuri siku hiyo, na mama yake akamwambia ashukuriwe Mola, umepata rangi.

Siku ya mkutano Bi Batuli aliamka kupika, kwa sababu aliambiwa wageni wanatoka mbali. Alikaanga mahamri, akachemsha chai ya maziwa yenye iliki, akaipeleka ukumbini mwenyewe akisaidiwa na Nahashon. Wakulima walikuwa wameketi mbele, Kombe miongoni mwao, na magunia matupu ya kubebea mbegu yamekunjwa magotini. Wafanyakazi walikaa nyuma.

Hadiya alisimama akasema kila kitu. Alisema kunde kiziwi hazifai, zitakufa kwenye chumvi, na wasizipande. Alieleza kwa nini jaribio la kwanza lilidanganya. Ukumbi ukanung'unika. Kombe akainuka.

"Sasa nani alizichuma hizo kunde? Maana mimi nimezila mbegu zangu. Nataka nimjue."

Hadiya alimwona mama yake mlangoni, birika mkononi. Bi Batuli alikuwa akimtazama kwa uso wa kumpa moyo, kama alivyomtazama siku zile za mashairi ya maulidi madrasani. Alikuwa hajaelewa bado kinachozungumzwa. Hadiya aligeuza macho.

"Ni mama yangu," akasema. "Alichuma bila ruhusa. Alikuwa akipika."

Palikuwa na watu wasiopungua wanane mle ndani waliokula mboga ile mwezi mzima, wakaomba na nyongeza. Nahashon akainama kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa. Ngumbao, ambaye kazi yake ilikuwa imeokolewa papo hapo, akatazama dirishani. Daktari Thuku akakohoa, akasema kituo kinasikitika na hatua zitachukuliwa kuhusu jamaa za wafanyakazi kuingia bustanini. Trizah ndiye aliyepata sauti.

"Kumbe ilikuwa ya kuiba," akasema, akishika kifua. "Na sisi tulikula bila kujua, jameni."

Neno kuiba likashuka katikati ya ukumbi, na hakuna aliyeliokota kulitupa nje. Kombe akamgeukia yule mama mwenye birika. Alikuwa mzee wa adabu, hakutukana. Alisema tu, "Mama, umetumaliza," akakunja gunia lake likawa dogo zaidi, akalitia kwapani.

Bi Batuli aliweka birika mezani taratibu, asimwage. Akarekebisha mtandio wake akatoka. Mahamri yaliliwa yote, watu walikuwa wametoka mbali.

Hadiya alipofika nyumbani alikuta begi kitandani, limefunguliwa, na mama yake akikunja nguo.

"Mama, waenda wapi?"

"Kwangu, Malindi. Nimempigia mjomba wako Faiz, ameniletea tuktuk."

"Hakuna aliyekwambia uondoke."

"Hakuna aliyeniambia nikae, vilevile." Alikunja leso, akaibandika juu ya nyingine. "Miaka sabini naitwa Batuli. Leo nimeitwa mwizi, na aliyeniita bado ana deni la sahani zangu mbili kabatini kwake."

"Wale ni wanafiki. Lakini mimi ilinibidi niseme kweli. Wangepanda zile mbegu, wangelala na njaa. Na nisingetaja mtu, angefukuzwa Ngumbao. Nilifikiri sana, mama. Sikupata njia nyingine."

Bi Batuli aliacha kukunja. Hakuwa na hasira usoni, na hilo Hadiya hakuliweza; angeipokea hasira.

"Mbegu ulisema vyema, na Ngumbao ulimhifadhi vyema. Mimi sikulaumu kwa hayo." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Lakini ungesema ulizichuma wewe."

Hadiya alitaka kusema kwamba ingekuwa uongo. Alitaka kusema kwamba wangemnyang'anya mradi, pengine na kazi, na jina lake kwenye sayansi lingekwisha. Yote hayo yalikuwa kweli. Ila hakuwa ameyafikiri, hata mara moja, katika siku zote zile za kutembea na swali. Alikuwa amempitia mbuzi, amempitia tumbili, amempitia Ngumbao, akafika kwa mama yake akasimama. Jina la Hadiya, aliyeviona vile vijitawi kwa macho yake akavipiga picha, halikumpitia kichwani kabisa.

"Ingekuwa wewe ndiwe uliyechuma," Bi Batuli akasema, "mimi ningesema ni mimi. Na usiku ningelala."

"Najua, mama."

"Basi yatosha."

Tuktuk ikapiga honi nje. Bi Batuli akafunga zipu, akainuka. Hadiya akanyoosha mkono achukue begi, lakini mama yake akalihamishia upande wa pili, akatoka nalo mwenyewe, akiinama kidogo kwa uzito.